Kichwa cha Jarrell

Cypress Ferry, Texas
Jumamosi, 2 Novemba

Kwa binti yangu Ardith,

Neema ya Bwana ikuzunguke huko kwenye kambi ya jeshi Korea. Nakuuliza hali kwanza, kwa kuwa marehemu mama yako hakuniruhusu kamwe kuanza barua kwa jambo lingine, hata iwe barua pepe kama hii. Je, kifua kimepona? Unakula? Sisi hapa tu wazima, ingawa sauti yangu imebaki uwanjani.

Binti yangu, tumeingia mtoano wa mpira wa Kimarekani! Hatujafika huko tangu wewe ulipokuwa ukipuliza tarumbeta katika bendi ya shule. Jana, vijana wetu wa shule, Nyigu, walikuwa wakiongoza kwa alama nne, muda umekwisha kasoro pumzi moja, na wapinzani wamebakiza yadi mbili tu kufika mstari wetu wa goli. Mkimbiaji wao, mwili kama trekta, akaukumbatia mpira, akainamisha kichwa. Mwanao Jarrell akachomoka katikati ya ulinzi, naye akainamisha chake. Mlio wa helmeti zile mbili niliusikia nikiwa safu ya juu kabisa. Trekta ikazimika palepale! Mzee Pickens, yule kinyozi, alinirukia shingoni mbele ya waumini wangu. "Mchungaji," akasema, "keshokutwa tuhubirie kwa kifupi, na kwaya uipe likizo!"

Jarrell alichelewa kuinuka, na alipoinuka akaelekea kwenye benchi la wapinzani badala ya letu. Bi Puente, mtabibu wa timu, akamnyang'anya helmeti papo hapo, maana asiye na helmeti harudi uwanjani. Jumatatu atampima kwa kompyuta, ule mtihani wa kukumbuka maneno na maumbo, kisha atalinganisha na alama alizopata Agosti kabla ya msimu kuanza. Zikilingana, atapumzika mechi ijayo, ambayo haina uzito, na mtoano wa tarehe 16 atacheza. Mkumbuke katika sala zako.

Baba yako,
Mchungaji Lemuel

*

Kambini, Korea
Jumatano, 6 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, nakula, na Jumapili sikosi ibada. Habari ya trekta ilinipigisha yowe hadi wenzangu bwenini wakadhani nimepandishwa cheo. Mpe Mzee Pickens salamu zangu, na umwambie aache kukuning'inia shingoni, una mgongo mbovu.

Jarrell ameniambia kwamba amefaulu, alama zake ni zilezile za Agosti. Nikamuuliza, Agosti ulikumbuka maneno mangapi? Akasema, "Manne, Mama, kati ya kumi na mawili." Akacheka, akakata simu.

Baba, yule mtoto alituimbia Zaburi nzima kwa kichwa kabla hajaota meno ya mbele. Maneno manne? Mimi naona alijifanya mjinga makusudi. Akipata alama duni akiwa mzima, basi hata akiumia zitalingana, na mashine itasema hana neno. Muulize ana kwa ana. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona, mtu anaweza asiamke. Nina huyo mmoja tu.

Binti yako,
Ardith

*

Cypress Ferry
Alhamisi, 14 Novemba

Kwa binti yangu,

Amani iwe kwako. Najua umengoja jibu, na natumaini kungoja hakukukondesha. Mwanao alinikwepa wiki nzima. Kila nikifungua kinywa, yeye amekumbuka kazi ya shule. Jana nilikaanga kambare, nikampakulia, nikasimama mlangoni.

"Jarrell, Agosti ulidanganya?"

"Babu, chakula kitapoa."

"Nakipenda kikiwa baridi. Sema."

Akaweka uma chini. "Si mimi peke yangu. Wa mwaka wa mwisho huwafundisha wadogo. Ni desturi, Babu, kama kupaka rangi ngazi za uwanja. Unajibu ovyo Agosti ili Novemba wasikutoe."

"Na kichwa?"

"Kinauma kidogo. Taa zikiwa kali." Kisha akaanza kulia, kijana wa ratili mia mbili. "Jumamosi watu wa vyuo watakuja kutuangalia, wachague wa kuwapa ufadhili. Usimwambie Bi Puente. Niache niseme mwenyewe."

Nikampa neno langu kwamba atasema mwenyewe, kabla ya mechi. Nilifanya hivyo kwa sababu nikisema mimi, ataokoka yeye peke yake. Wenzake waliodanganya watanyamaza zaidi, na watamwita msaliti. Leo hajasema. Mji mzima umevaa manjano na nyeusi, hata mbwa wa Mzee Pickens amevalishwa fulana. Nakiri kwamba moyo wangu nao unadunda kama wa mtoto.

Baba yako,
Mchungaji Lemuel

*

Kambini
Ijumaa, 15 Novemba

Baba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe. Neno ulilompa mtoto naliheshimu. Lakini asipotamka, vunja neno hilo, nami nitalijibia mbele za Mungu pamoja nawe. Asivae helmeti. Nakuomba, asivae.

Ardith wako

*

Hospitalini, Tyler
Jumamosi, 16 Novemba

Kwa Ardith, mama yake Jarrell,

Mwanao yuko hai, na hakuvaa helmeti. Naandika kwa simu ya Bi Puente, uvumilie vidole vyangu. Sasa keti nikueleze.

Desturi yetu unaijua. Vijana hupiga goti katika chumba cha kubadilishia nguo, helmeti zimewekwa sakafuni mbele yao, Kocha na Bi Puente wamesimama nyuma, nami huwaombea. Hakuna anayegusa yake kabla sijasema amina. Niliwaombea miguu, nikawaombea wapinzani, nikawaombea na ninyi mama mlio mbali. Kisha nikanyamaza. Mwamuzi akachungulia mlangoni kutuita uwanjani.

"Mchungaji," Kocha Stovall akaninong'oneza, "malizia basi!"

"Sala haijaisha, Kocha. Kuna mtu bado anazungumza na Mungu."

Nilikuwa nimeazimia kwamba mwamuzi akichungulia mara ya pili, nitamtaja mwanao mwenyewe. Ndipo nikasikia sauti yake, nyembamba kuliko nilivyowahi kuisikia: "Bi Puente, Agosti nilidanganya. Kichwa hakijapona."

Kisha Cleavon, yule jitu la mstari wa mbele: "Na mimi. Nilijibu nimefumba macho." Mwingine akacheka, akainua mkono huku akilia. Bi Puente akaokota helmeti tatu, mikono ikamjaa. Nikasema amina.

"Mchungaji, umeniua," Kocha akasema.

"Afadhali wewe kuliko wao," nikamjibu.

Na mechi ile! Tulicheza bila nguzo zetu tatu, dhidi ya Fahali wa Rusk Prairie. Mara tunaongoza, mara wametupita. Mzee Pickens akala nusu ya kofia yake. Mwishoni, tukiwa mbele kwa alama tatu, Fahali wakarusha mpira mrefu kuelekea kona ya goli letu, na mjukuu wa Pickens akaruka, Ardith, akaruka kana kwamba ameitwa kutoka juu, akauteka kwa mkono mmoja, tukashinda! Nilipiga kelele zisizofaa kwa mtu wa joho langu. Jarrell alikuwa ameketi kando yangu, taulo limemfunika kichwa kwa sababu ya kelele, akinibana mkono: "Nini, Babu? Nani anao mpira?"

Tulitoka uwanjani moja kwa moja kuja hapa, Bi Puente akitufuata. Daktari amepiga picha: damu haikuvuja, shukrani kwa Mungu. Lakini ubongo umeumia kuliko tulivyodhani, na uwanjani hatarudi msimu huu. Kuhusu ujao, daktari hakutaka kuahidi. Njoo mara watakapokupa ruhusa.

Njiani Jarrell aliniuliza kama tumeshinda. Nikamsimulia yote, kona, mkono mmoja, kofia ya Pickens, naye akacheka hadi akashika kichwa. Kabla hatujavuka mto akanigeukia, macho yamejaa wasiwasi: "Babu, mechi imeishaje?"

Nikashika usukani kwa nguvu. Kisha nikamsimulia tena tangu mwanzo, bila kupunguza hata kelele moja, naye akashangilia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Baba yako,
Lemuel