Nani Kanyonya na Nani

Vitongoji,
Chake Chake, Pemba.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Siti,

Unisamehe kwa kukosa adabu, lakini kabla ya salamu nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu nitaogopa, na barua itaishia kwenye salamu. Shangazi, lile daftari la marehemu kaka Talib ninalo mimi. Nililitoa kabatini kwa Mama mwezi wa Novemba, chini ya kanzu za kaka, na tangu hapo naifanya kazi yake.

Sasa assalamu alaykum warahmatullah. U hali gani huko Maskati? Goti linakusumbua bado? Na Ammi Sleiman, kifua kimepoa? Sisi hatujambo. Baba anagombana na tumbili shambani, na mpaka sasa tumbili wanashinda. Matokeo yangu ya kidato cha nne yametoka, nimepata daraja la pili, alhamdulillahi.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Mama na kila kinachoingia hukisoma. Bi Hija anasafiri kesho, atakuletea. Nimemwambia ndani ya bahasha mna vipimo vya baibui langu. Mungu anisamehe.

Unakumbuka Mama alivyosema siku ya tatu ya msiba, wewe ukiwa umekaa pembeni yake. Alisema nyumba hii hakuna tena wa kushika karatasi za watu, kwamba karatasi zimemtoa mwana mmoja na zinatosha. Sote tuliitikia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nami niliitikia.

Kila mwaka, siku kama hizi, watu huja kuhutubu juu ya Talib. Vijana huvaa fulana zenye picha yake. Wanayoyasema ni kweli. Alisema hadharani mambo ambayo wakubwa wake waliyasema vyumbani, akapigwa risasi mchana kweupe akitoka mkutanoni, na mpaka leo aliyempiga hajatajwa jina. Lakini Talib wa kwenye hotuba hacheki. Wangu mimi alikuwa akikimbia mende na kuwatania vikongwe.

Huenda hukupata kuiona kazi yake yenyewe. Wazee wengi hapa walizaliwa nyumbani, hawana cheti cha kuzaliwa na hawaujui mwaka. Bila cheti hupati kitambulisho, na bila kitambulisho huna kura. Talib akisema mtu huyo amezaliwa lakini hajafika. Sasa yeye hakuwauliza mwaka. Aliwauliza walinyonya na nani. Hilo halisahauliki, kwa sababu walionyonya ziwa moja hawaoani, na kina mama wote wanalihifadhi. Akishampata mwenzako wa ziwa mwenye cheti, mwaka wako ameujua, na barua anaiandika. Mimi nilikuwa nikikaa karibu kumshikia kalamu.

"Bi Ummkulthum," alimwambia siku moja jirani yetu, "nitajie miaka yako nikuoe."

"Miaka yangu kaiulize kwa maziwa," akajibu bibi. "Na wewe wanioa kwa kipi? Hata baiskeli huna!"

Basi Novemba, mitihani imekwisha, huyo Bi Ummkulthum akanikuta naanika karafuu. Akaniuliza, "Asma, karatasi zangu kakako kafa nazo?" Hakusema kwa ubaya. Unanijua, Shangazi, mtu akibisha hodi mimi najificha nyuma ya mlango. Nikaendelea kuanika. Lakini Mama alipokwenda kisimani nikafungua kabati.

Ndani ya daftari mna watu arubaini na mmoja. Waliobaki amewatia duara jekundu, nao ni kumi na wanane. Bi Ummkulthum yumo ukurasa wa tatu: "Kanyonya na Mzee Kificho wa Gando. Kificho ana cheti, 1951. Mashahidi wametia dole. Bado kunakili." Bado kunakili tu, Shangazi. Miaka sita amesubiri mtu wa kumnakilia ukurasa mmoja.

Nikanakili. Nikampa nikamwambia ni barua ya Talib, jambo ambalo si uongo mtupu. Mwezi uliopita amepata cheti chake. Alikibusu, akakitia kifuani, akamwombea kaka dua ndefu mpaka nikakimbilia jikoni nisionekane nalia.

Duara lililofuata lilikuwa la mjukuu wake, Ridha, ambaye hupakua mizigo bandarini Wesha. Talib ameandika: "Kanyonya na nani? Muulize Bi Mwatima." Bi Mwatima ndiye mkunga aliyewazalisha mama zetu sote. Nilijizoeza swali langu siku mbili, kisha nikaenda.

"Bi Mwatima, shikamoo. Ridha kanyonya na nani?"

"Marahaba. Ridha yupi, wa Bi Ummkulthum?"

"Huyo huyo."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Kanyonya na Yasser, jirani yao. Wewe hukunyonya naye, mwanangu. Mamako hakumpa ziwa hata siku moja. Nenda zako na moyo mweupe!"

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshafika uani kwetu nilipofahamu nilichouliza. Msichana akiuliza kijana kanyonya na nani, kwetu ana sababu moja tu.

Kesho yake Bi Ummkulthum akaleta samaki, changu wawili wakubwa, katika sahani ya maua, na Mama akaipokea bila kuuliza ni ya nini. Ridha akipita nyumbani huinamisha kichwa, na juzi aliinamisha mpaka baiskeli ikaingia mtaroni. Mama aliona. Akacheka, Shangazi. Alicheka hasa, ameshika kiuno. "Na kimya chako chote hicho, Asma!" akaniambia.

Tangu msiba Mama husuka mikeka myeupe tu. Jana ametia ukili rangi, nyekundu na kijani. Najua ni mkeka wa harusi ya nani, na kila nikiutazama unazidi kurefuka.

Naweza kunyamaza. Ridha si kijana mbaya, na mimi kunyamaza ndiyo kazi yangu. Lakini maduara mengine yamebaki, na nikimuuliza Bi Mwatima tena, watasema nataka waume wawili. Tena sipendi Mama afurahie kitu ambacho hakipo. Ijumaa tunasoma hitima ya Talib. Tukishaosha masufuria ya bokoboko nitampakatisha daftari nimwambie yote.

Siogopi kugombezwa. Naogopa asije akaacha kucheka. Nitamwambia kwamba mimi sina jukwaa, sauti yangu haitoki hata madrasa, naandika tu nani kanyonya na nani. Sijui kama hilo litamtosha. Kama atasema daftari nilirudishe kabatini, nitalirudisha, ila nitamwomba kwanza nimalize wa Ridha.

Nisalimie Ammi Sleiman na dada Nihal, mwambie picha za mtoto tumeziona na kidevu ni cha Baba kabisa. Baba anakusalimu. Mungu akupe afya, akufikishe Ramadhani salama na atukutanishe tukiwa hai.

Shangazi, siri hii iweke mpaka Ijumaa. Najua Mama akishajua atakupigia simu wewe kabla ya mtu mwengine. Akikwambia, shtuka. Muulize, "Daftari gani?" Mwache akuhadithie toka mwanzo kama kwamba hujasikia lolote, maana Talib ni mwanawe na ilitakiwa yeye awe wa kwanza kuambiwa. Na usije ukamwambia, hata mkizeeka nyote wawili, kwamba ulitangulia kujua.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Asma