Kibonge Hataki Maji

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu, furaha ya macho yangu,

Hujambo huko kwenye daraja mnalojenga? Moto wa kuchomelea vyuma haukuumizi macho? Sisi wazima, ila uchovu. Miezi mitatu ya ndoa, na bado nikitaka kufua shati lako nalinusa kwanza. Jirani kanicheka: "Bibi harusi, hilo ni jasho tu!"

Sasa huyu mwanao Kibonge, na sasa wangu pia. Mwaka na miezi minane, na maji hataki kuyaona. Nikimpa kikombe anakimwaga, anakaa juu ya dimbwi na kuonyesha chupa ya maziwa: "Ziwa!" Nimejaribu kijiko. Nimekunywa mbele yake nikisema "aah, matamu." Ananiona kama mwendawazimu. Chakula hakigusi. Mwishowe nampa maziwa, maana ni akiwa na chupa tu ndipo hukubali nimpakate kifuani. Nifanyeje, mpenzi?

Mkeo anayekupenda kupita kiasi


Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu,

Nimepokea barua yako kwa dereva wa lori la saruji, nami ni mzima. Wenzangu wameniona nikiisoma mara nne, sasa naitwa Bwana Harusi.

Kibonge mpe maziwa. Mama yake alipofariki, mtoto alilia siku tisa, na chupa ndiyo iliyomnyamazisha. Sitaki alie tena. Usimnyime mwanangu.

Mumeo


Alhamisi, 14 Machi

Mume wangu,

Natumai u mzima. Hapa si salama sana. Kibonge alikuwa anasinzia mchana kutwa, viganja vimepauka, nikampeleka zahanati. Nesi akamfunua kope.

"Nani kakudanganya unene ndio afya? Damu iko chini. Chupa ngapi kwa siku?"

"Saba," nikasema, nikitamani ardhi inimeze.

"Maziwa yamejaa tumboni, chakula kikae wapi? Vikombe viwili tu, na dawa ya damu kila siku."

Chupa nimezitupa. Analia, ananiuma, ananiambia "Toka!" Ulisema nisimnyime. Nimemnyima. Ukikasirika, nikasirikie mimi, yeye mwache apone.

Mkeo


Alhamisi, 28 Machi

Mume wangu,

U hali gani? Dereva amekuja mara mbili mikono mitupu. Nimeacha kumuuliza, maana ananionea huruma.

Nesi kampima tena, damu imeanza kupanda. Anakula viazi na maharage, nusu vinaishia kwenye nywele. Na maji amekunywa! Juzi nilikaa sakafuni nimechoka hata kubembeleza siwezi, nakunywa yangu kimya. Akaja, akavuta kikombe. "Angu." Akanywa, akapaliwa, akanikasirikia, akanywa tena.

Kifuani bado hanijii. Sijali. Naongopa, najali sana.

Mkeo, kama bado


Jumapili, 31 Machi

Mke wangu,

Pole. Pole sana.

Nilikasirika siku moja. Siku zilizobaki niliona aibu. Nimeandika barua tatu nikazichana, zote zilikuwa za kujitetea. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemjaza maziwa, ili nisimsikie akimlilia mama yake, nami nisije nikaanza kulia.

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Jumatano nitashuka kwenye lori la saruji. Akitaka kulia, alie mikononi mwangu. Wewe ulale.

Mumeo