Ndovu Hana Mkonga

Baba Mokeira,

Nimeenda Manga kwa mama. Kabichi iko kwa sufuria, pasha tu. Nimeikata na kile kisu cheusi unachokiita takataka. Nilikinoa dakika mbili kwa kitako cha kikombe cha udongo, bila kulipa hata shilingi.

Visu vyako sita vya kung'aa ulivyonunua soko la Nyakoe havikati hata nyanya. Halafu asubuhi nakupata ukivinoa kwa ndovu wa jiwe tuliyepewa siku ya harusi! Mkisii mzima, hujui jiwe la Tabaka ni laini, lenyewe huchongwa kwa kisu? Mkonga umeisha, kisu bado butu.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi ukinunua tupa ya kunolea.

Kisu cheusi usikitafute, niko nacho. Nyanya ziko hapa mezani. Ziume.

Mama Mokeira