Friji ya Nyumba Ndani ya Gari

Jumanne, Kamere

Kumbe si betri. Ni kitambaa.

Friji yetu ni ya nyumba, ile tuliyotoa nyumbani kwetu Kihoto ziwa lilipofurika na kuingia jikoni. Sasa imefungwa kamba ndani ya hii van tunayolala. Mke wangu Esther aliifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, vile alikuwa akiifunika kule nyumbani. Leo fundi amegundua kitambaa kilikuwa kinaning'inia nyuma na kuziba mahali friji inapotolea joto. Ndiyo maana ilikuwa inanguruma bila kupumzika mpaka inamaliza betri.

Na insulini ya Esther, dawa yake ya kisukari, iko ndani. Hilo ndilo limekuwa likininyima usingizi.

"Mzee, uzeni hii mchukue ile ndogo ya gari," fundi akaniambia. "Inakaa chini ya kiti na haimalizi betri."

Nilikasirika kwa sababu yuko sawa.

Esther alikuwa anakunja kitambaa polepole. "Hiyo ndogo ni ya watu wa kutembea," akasema, akinigeukia. "Wakichoka wanarudi kwao. Baba Njeri, sisi tukichoka tutarudi wapi?"

Fundi akajifanya anatafuta spana.

Basi friji imebaki. Sasa inanguruma kidogo na kunyamaza, na dawa ni baridi. Ningepaswa kushukuru tu.

Lakini kitambaa kiko ndani ya sanduku, na juu ya friji hakuna kitu. Miezi yote hii tumeishi hapa, na ni leo tu nimeona kwamba hii ni gari.