Viti Juu ya Sakafu ya Dansi

Nikamwambia, "Trent, viti vitoke au tutoke sisi!"

Viti, Nadine! Huyu meneja mpya wa ukumbi amepanga viti mia na ishirini juu ya sakafu ya dansi. Sakafu ileile ulipokutana na mumeo!

Eti, "Mama, huu muziki wenu wa swingi ya Texas ni urithi. Watu wakae, waisikilize kwa heshima." Kwa heshima! Kama wako matangani! Halafu akacheka: "Na kwa umri wa wachezaji wenu, wakicheza si wataanguka?"

Baba alikuwa jukwaani, fidla kidevuni. Ameongoza bendi hii miaka arobaini na sita, na sijawahi kumwona hajui aanzie wapi, mpaka leo. Akasema taratibu, "Binti yangu, mwendo wa wimbo huwa nausoma kwenye miguu ya watu wanaocheza. Hapa naona magoti tu."

Magoti tu, Nadine! Mpiga ngoma akaweka vijiti chini. Nikaona bendi inanifia mchana kweupe.

Trent akasema, "Mkataba unasema mtapiga."

Nikamjibu, "Tutapiga. Lakini hausemi nisibebe viti."

Nikakunja viwili, nikavitupa nje kwenye changarawe. Wachezaji waliokuwa wakingoja mlangoni wakanifuata, hata Bi Opal na mkongojo wake. Trent alipiga kelele mpaka akachoka.

Hakuna kiti hata kimoja ndani sasa. Unga wa mahindi nimeshaunyunyiza sakafuni ili soli ziteleze, na Baba anapiga, macho yake kwenye miguu ya Bi Opal.