Nimeshashukuru Kanisani, na Damu Imerudi

Mama Agripina, shikamoo. Nimekaa na jambo hili hadi kichwa kinataka kupasuka, nikaona bora nikuandikie wewe wa safu ya ushauri gazetini, usiyenijua, kuliko kumwambia mtu wa hapa Mkalama, maana hapa nikifungua mdomo tu nimekwisha. Mimi ni mke wa mtu, tunalima alizeti na vitunguu, na kwa muda mrefu nilikuwa naharisha damu, nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, wengine wakasema nimerogwa, nikakonda hadi pete ya ndoa ikawa inadondoka, mpaka hospitali moja ya Dodoma wakaniingiza kamera kwa njia ya haja kubwa wakasema utumbo mpana una vidonda, kwamba kinga ya mwili wangu yenyewe ndiyo inaushambulia, wakanipa dawa, na kweli damu ikakata, nikala ugali wa mtama na mlenda kama watu wengine.

Basi sikukuu ya mavuno nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimepona, mume wangu Kefa akatoa kondoo wa shukrani, vigelegele vikapigwa, mama mkwe akalia kwa furaha. Baadaye nikarudi kliniki nikiwa mzima kabisa, wakaingiza tena kamera, wakakata kinyama kidogo cha utumbo wakakipima, na daktari akaniambia eti kwa macho utumbo umetulia lakini kwenye kinyama uvimbe bado upo, kwa hiyo niendelee na dawa na ataniongezea nyingine, anataka nyama yenyewe ipone. Nilichoka! Nilipofika nyumbani mama mkwe akasema, "Mwanangu, ulishashukuru. Ukimeza tena hivyo vidonge unamwambia Mungu hakufanya kitu." Nikavitupa chooni.

Mama, damu imerudi. Nafua nguo kabla watu hawajaamka, chakula kikija nasema nimefunga, na mama mkwe anawatangazia majirani kwamba nimekuwa mtu wa maombi. Kefa hajui. Nikisema, nimeuaibisha ukoo mzima mbele ya usharika; nikinyamaza, naisha. Na kama mtu anajisikia mzima na bado ni mgonjwa, mimi nitapona lini? Kuna wakati naona bora nife tu yaishe.

Mama Esta, Mkalama

Marahaba, Mama Esta. Pole, mwanangu, pole sana. Lakini nitakugombeza, kwa sababu wanaokupongeza kwa kufunga watakuzika.

Nani alikwambia kujisikia vizuri ndiyo kupona? Wewe mkulima wa vitunguu, umeshaona mara ngapi kitunguu kinang'aa ganda, ukikikata ndani kimeoza? Ndiyo maana daktari alikata kile kinyama akakipima. Tumbo kunyamaza ni hatua ya kwanza tu. Nyama ya utumbo ikitulia hata chini ya hadubini, ugonjwa unakuwa na nafasi ndogo ya kurudi. Alikuwa anakutafutia nafuu ya kudumu, wewe ukaona anakunyima uzima. Na sikudanganyi: si kila mgonjwa anafika huko, na wengi wanameza dawa miaka yote. Inauma, najua. Kuvuja damu kwa siri kunauma zaidi.

Ushuhuda wako haukuwa uongo, ulisema ulichokiona siku ile. Uongo ni huu wa kufunga, tena uache leo hii! Unatoka damu halafu huli, unataka nini? Mama mkwe anakupenda, lakini hajawahi kuona ndani ya utumbo wako. Mbona waumini wenzako wanameza dawa za presha na bado wanaimba haleluya?

Kesho nenda hospitali iliyo karibu, uwaeleze ugonjwa wako kama ulivyoelezwa Dodoma, uwaombe wawasiliane na daktari wako wa huko. Usijipimie dawa mwenyewe, wala usinunue za kuzuia kuharisha dukani. Ukiona homa, tumbo kuvimba au kizunguzungu, usingoje kuche. Na hilo la kutamani kufa mwambie daktari vilevile, nalo linatibiwa.

Ila kuna mtu wa kuanza naye. Huyo Kefa alikuuguza ukiwa mifupa mitupu, na sasa unamwacha alale karibu na mtu anayekufa bila yeye kujua. Usimweleze habari za kondoo wala za mama yake. Mwambie, "Baba Esta, natoka damu tena, nipeleke." Kisha mwache avae viatu.