Uyoga Aliouwahi Babu

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ningeanza barua bila kukuamkia ungefufuka unichape.

Masika yameshuka Uluguru na uyoga umejaa kwenye vichuguu vyako. Hakuna aliyekwenda kuuchuma. Hapa kila mtu anapenda uyoga, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuonja. Ulituharibu wewe na sheria yako: "Aliyechuma ndiye aonje. Mkono ukikosea, mdomo ulipe." Ulikuwa unakula peke yako, unajiegemeza ukutani, na sisi tunakukodolea macho, sahani mapajani, mpaka upige mbweu.

Shida ni Babu. Tangu tukuzike hali chakula. Shangazi Mwajuma amempikia kuku, samaki, hata pilau; anasogeza sahani, anasema ameshiba. Amekonda mpaka kanzu ya Ijumaa ndiyo inayomvaa yeye. Niliogopa, Bibi. Niliona tutachimba kaburi la pili kando ya lako.

Basi nikatoka kwangu mjini Kihonda, nikapanda mlimani, nikachukua kikapu chako. Nilichuma ule wa aina moja tu ulionifundisha, wenye mzizi mrefu unaozama kichuguuni. Mwingine sikuugusa, hata ule mweupe mzuri uliokuwa ukiuita mke wa mtu.

Nikaupika kwa karanga. Harufu ikawaita wote jikoni, lakini wakabanana mlangoni. Shangazi alishika kikombe cha maziwa, tayari kunimiminia. Nikasema bismillahi, nikanyoosha mkono.

Babu hakungoja. Alipitisha mkono wake mbele ya wangu, akachota chunguni, akala. Shangazi akapiga yowe.

"Tulieni," Babu akasema huku anatafuna. "Ukiwa mbaya, namfuata bibi yenu. Ukiwa mzuri, nimekula."

Tukakaa tunamwangalia. Hakuna aliyepumua sawasawa isipokuwa yeye mwenyewe. Mwishowe akanigeukia kwa hasira: "Chumvi haitoshi. Na ugali uko wapi?"

Nililia, Bibi. Yale maziwa aliyanywa Shangazi, kujituliza.

Mungu akulaze pema. Kila masika nitachuma mimi, na nitaonja mimi kwanza, hata ikibidi nimfunge Babu mikono. Najua unamkumbuka. Lakini sisi bado tunaye, Bibi, usimwekee chakula.

Mjukuu wako,
Zena